Sura ya Saba: Ukuta Mbichi

Katika Bonde la Kilombero mpunga hujenga nyumba mara mbili. Kwanza pumba zake huchoma tofali: ukipita nje ya Ifakara wakati wa kiangazi utaona matanuru yanafuka moshi polepole, mchana na usiku, na kando yake vichuguu vya pumba kutoka mashine za kukoboa. Kisha bei yake humlipa fundi. Mavuno yakikaribia kwisha, kati ya Mei na Julai, gunia zikauzwa, ndipo bati zinanunuliwa, ndipo saruji inashuka kwenye gari, ndipo mwenye nyumba anasema ile sentensi ambayo mafundi rangi wa Kibaoni na Viwanja Sitini wameizoea: "Fundi, nataka niingie kabla ya mvua."

Akisema hivyo mwezi wa saba, mpe mkono. Akisema mwezi wa kumi na moja, mawingu yameshaanza kujikusanya juu ya Udzungwa, mwambie ukweli: yeye anaweza kuingia, rangi isubiri. Sura hii ni ya siku zilizo katikati, tangu fundi lipu aoshe mwiko wake hadi fundi rangi afungue ndoo. Ni siku ambazo hakuna anayelipwa, kwa hiyo hakuna anayezihesabu.

Tuzihesabu, basi, kwa kuanza na maji. Chukua chumba cha kawaida, mita 3 kwa 3.5, kuta zenye kimo cha mita 2.7. Ukitoa mlango na madirisha unabaki na ukuta wa kama mita za mraba 31. Lipu ya unene wa milimita 15 itakula karibu lita 465 za mchanganyiko. Kwa kipimo cha moja kwa nne, humo ndani mna mifuko mitatu na nusu hivi ya saruji, na maji yanayopita ndoo sita za lita 20. Saruji yenyewe hunywa kama ndoo mbili, na hizo hazitoki tena, zimekuwa jiwe. Ndoo nne na ushei zimebaki zinazurura ndani ya ukuta zikitafuta pa kutokea. Na hapo bado hujahesabu maji ya kumwagilia.

(Kuhusu kipimo: mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo moja kwa nne ni ndoo saba za mchanga kwa mfuko. Mafundi wengi huhesabu kwa toroli. Toroli ni kama tumbo, kila moja na ukubwa wake. Hesabu kwa ndoo.)

Kwenye kumwagilia watu wengi huchanganyikiwa, wala siwalaumu. Wiki ya kwanza ukuta unadai maji, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Saruji haikauki kama kanga kwenye kamba. Inakomaa, na inakomaa kwa kunywa. Lipu iliyopigwa leo ikaachiwa jua la Ifakara kesho yake inabaki unga. Ukipitisha kiganja kinatoka cha kijivu, na hakuna rangi duniani itakayoshika juu ya unga. Wiki ikiisha mambo yanageuka: maji yanakoma, madirisha yanafunguliwa, na mwenye nyumba anaanza kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kutofanya chochote.

Siku 28 ambazo mafundi huzitaja zimetoka maabara, kwenye desturi ya kupima nguvu ya saruji ikiwa na umri huo. Zinakwambia kwamba saruji imekomaa. Hazikwambii kwamba ukuta umekauka. Mwezi wa nane, upepo ukipita na hewa ikiwa nyepesi, siku 28 mara nyingi hutosha. Mwezi wa nne, hewa yenyewe imeshiba maji na nguo ulizofua Jumatatu bado zinanuka unyevu Jumatano, hesabu hiyo haina kazi. Kuna wanaojaribu kuharakisha kwa kuwasha jiko la mkaa ndani na kufunga kila kitu. Usithubutu. Hewa ya mkaa huua watu, na unyevu uliofungiwa chumbani hauna pa kwenda. Kinachokausha ukuta ni upepo.

Mimi nililijua hili kwa fedha yangu. Nilimpakia mama chumba mwezi wa tano, mvua haijaisha vizuri, lipu ina wiki tatu. Na kwa kuwa nilitaka kumpendeza, nusu ya chini ya ukuta nikaweka rangi ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa. Haukupita mwezi, ukuta ukaanza kuvimba malengelenge. Nikaminya moja kwa kidole. Ndani mlikuwa na maji, na rangi yenyewe ilikuwa inateleza na kunata kama kipande cha sabuni kilichosahaulika bafuni. Mama alisimama mlangoni akaniambia, "Baba, ukuta wako unatoka jasho."

Na ilikuwa sabuni kweli. Lipu mbichi ina ukali wa aina ya magadi na chokaa, na ukali huo ukikutana na mafuta mbele ya maji hutengeneza sabuni. Ni kazi ileile ya mtungi wa sabuni, ila mimi niliifanya ukutani. Rangi ya maji huvumilia zaidi, lakini nayo hubabuka, au hutoka mabaka yaliyofifia kama shati lililoangukiwa na jiki.

Utajuaje kwamba wakati umefika? Kiganja hudanganya. Ukuta wa kivuli ni baridi hata ukiwa mkavu, na ukuta unaopigwa na jua la jioni ni wa moto hata ukiwa na ndoo nzima tumboni. Vipo vipimo viwili visivyo na gharama. Cha kwanza ni nailoni: kata kipande cha mraba, kama nusu mita, ufute ukuta vumbi, ukibandike kwa selotepu pande zote nne, uache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, au lipu iliyokuwa chini yake imekolea rangi kuliko jirani yake, rudisha ndoo ya rangi stoo. Pima chini karibu na sakafu, kwa sababu ukuta hukauka kuanzia juu, na mafundi hupenda kupimia juu.

Kipimo cha pili kimo jikoni. Kila mpishi anajua kwamba doa la manjano kwenye nguo, likiguswa na sabuni ya kufulia, hugeuka jekundu. Manjano haifanyi hivyo kwa hasira, inaonyesha ukali. Lowesha sehemu ndogo ya ukuta kwa maji safi, chovya karatasi nyeupe kwenye manjano iliyokorogwa kwa maji, ikandamize hapo dakika chache. Ikibaki ya njano, ukuta umepoa. Ikigeuka nyekundu iliyokolea, ukali bado upo juu. Nimewaonyesha mafundi wawili jambo hili. Mmoja alicheka. Mwingine aliomba karatasi abaki nayo.

Tukubali pia kwamba bonde hili lina tabia yake. Mji umelala kwenye tambarare ambayo mito hutanuka kila masika, na ardhi oevu ya Kilombero imo tangu mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Sifa hiyo ni nzuri kwa ndege na kwa puku. Kwa ukuta ni habari nyingine. Masika ya 2024 Mto Lumemo ulipoingia mitaani, nyumba nyingi zilisimama ndani ya maji, na ukuta wa tofali za kuchoma hunyonya maji kama utambi wa kibatari. Hata pasipo mafuriko, kama chini ya ukuta hakukuwekwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, maji ya ardhini hupanda kila mwaka na kubeba chumvi. Ile poda nyeupe inayochomoza juu ya sakafu, ambayo watu huidhania fangasi, ndiyo chumvi hiyo. Usiioshe. Ukiiosha inayeyuka, inarudi ndani, itatoka tena ukikauka. Ipige kwa brashi kavu, ikusanye, uitupe nje, usubiri, uipige tena, hadi ichoke. Ukiona haichoki, tatizo lipo kwenye msingi na fundi rangi hana dawa yake, hata kama anasema anayo.

Watu wa pwani walilijua suala la unyevu kabla ya kiwanda cha kwanza cha rangi. Kilwa, Lamu na Unguja walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakaizimua kwa maji na kuiacha muda mrefu ilainike, kisha wakamalizia kuta kwa niru, ile lipu laini nyeupe. Chokaa haina ugomvi na ukuta mbichi, kwa sababu ukali wake ni ule ule, na hauzibi. Unyevu hupita ndani yake kwenda nje. Bara nako, nyumba ya kukandika kwa udongo ilipumua kwa namna yake. Sisi ndio tuliokuja na rangi zinazoziba kama nailoni, kisha tukawa na haraka. Ushauri wangu kwa asiyeweza kusubiri: paka chokaa mwaka huu. Mwakani ukuta ukiwa mkavu, futa kabisa inayotoka unga, ndipo ununue rangi ya ndoto zako. Wengi hawanisikilizi, kwa kuwa chokaa huonekana umaskini.

Sasa ukuta umekauka, na inakuja kazi ambayo mafundi huiita skimingi. (Usiseme "skimu" mbele ya wakulima wa hapa, watafikiri unazungumzia mifereji ya umwagiliaji.) Lipu ya mchanga ina mikwaruzo na vishimo, na mtu wa leo anataka ukuta laini kama sahani. Kwa hiyo hupakwa tabaka mbili nyembamba za puti, ama ya saruji nyeupe, ama ya jasi. Jasi inachimbwa nchini, Makanya wilayani Same kwa mfano, na ni laini kufanyia kazi, ila haipendi maji. Ikiloa inalainika. Kwa nyumba ya Ifakara mimi sishauri jasi bafuni, wala nje, wala chini ya usawa wa dirisha kwa mtu aliyewahi kuona samaki sebuleni.

Puti ikikauka, hupigwa msasa. Hapo ndipo chumba hugeuka mawingu.

Huyu anayepiga msasa ni nani? Ni nadra awe fundi mwenyewe. Ni saidia fundi, kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini, fulana ameifunga puani, nyusi zimekuwa nyeupe kama za mzee. Fundi amekaa nje anavuta simu. Mwenye nyumba anapita, anachungulia, anasema, "Pole, dogo," halafu anakwenda zake. Dogo anabaki humo siku mbili, tatu. Wiki ijayo yuko nyumba nyingine.

Vumbi tunaloliona, linalong'aa kwenye mwale wa jua, si baya sana. Linanaswa puani, linapigwa chafya, linatoka. La hatari ni lile lisiloonekana, chembe zilizo chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, zinazokaa hewani kwa saa nyingi na kushuka hadi mwisho wa pafu. Mchanga kwa sehemu kubwa ni madini ya silika, na silika ikisagwa na kuvutwa kwa miaka huacha makovu mapafuni. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuyafuta. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika inayovutwa kazini kwenye kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Wachimbaji wa Mererani wanaufahamu ugonjwa huu, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, imekuwa ikiwapokea, maana pafu lenye makovu ya silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Fundi rangi si mchimbaji, nisitishe watu. Vumbi la jasi tupu ni jepesi kuliko la mchanga, na chumba kimoja kwa mwaka hakimuui mwenye nyumba. Lakini puti nyingi huchanganywa na unga wa mawe, msasa ukizama unafika kwenye lipu yenyewe, na saidia fundi hapigi chumba kimoja kwa mwaka.

Dawa ya kwanza ya vumbi ni kutolitengeneza. Fundi mzuri humaliza puti yake kwa mwiko mpana na mkono mwepesi, na kabla haijakauka kabisa huipitia kwa sponji yenye unyevu, ikalainika bila hata punje kuruka. Mstari wa mwiko ulioachwa leo kwa uvivu ni nusu saa ya msasa kesho. Kwa hiyo ukitaka kumjua fundi, usiangalie ukuta uliokwisha. Angalia sakafu siku ya msasa.

Dawa ya pili ni maji. Upo msasa usioharibika kwa maji, ule mweusi wa mafundi wa magari. Ukuta unanyunyiziwa kidogo, kipande kwa kipande, unasuguliwa kwa mzunguko, na kinachotoka ni uji unaofutwa kwa kitambaa. Kazi ni ya polepole na kitambaa hufuliwa mara ishirini, ndiyo maana mafundi hawaipendi. Kwa jasi unyevu uwe wa kufuta tu, la sivyo unaichimba. Anayelazimika kusugua pakavu, aanze na namba 120, amalizie na 180 au 220, na msasa aufunge kwenye kibao chenye mpini mrefu, ili uso wake uwe mbali na vumbi. Tochi ya simu iliyolazwa ubavuni mwa ukuta jioni humwonyesha pa kusugua. Bila tochi atasugua kila mahali, na nusu ya vumbi hilo lilikuwa la bure.

Mlangoni weka shuka iliyoloweshwa. Nimeona mtu ametundika chandarua. Namwelewa: bonde hili lilifundishwa vyandarua kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1997 mradi wa Kilombero na Ulanga ulianza kuuza vyandarua vya Zuia Mbu, na utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa waliongezewa nafasi ya kuishi kwa asilimia 27. Lakini tundu la chandarua lina zaidi ya milimita moja. Chembe ninazozizungumzia hapa hupita mia kwa mpigo, zikiwa zimeshikana mikono. Dirisha la upande upepo unakoelekea liachwe wazi, mengine yafungwe, ili vumbi lipate njia moja ya kutoka. Na gunia za mpunga zilizoegemezwa chumba cha pili, ambazo kila nyumba ya hapa inazo mwezi wa nane, zihamishwe siku hiyo. Mpunga ulioegemea lipu mbichi huota ukungu, na mpunga uliofunikwa na puti utamuuzia nani?

Fulana puani haizuii chembe ndogo. Barakoa ya bluu ya hospitali nayo inaacha nafasi mashavuni. Inayofaa ni ile ngumu yenye alama N95 au FFP2, iliyobana vizuri, na mwenye ndevu nyingi ajue kwamba haibani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwenye ujenzi wa nyumba za watu binafsi mwajiri ni nani? Mwenye nyumba humtazama fundi, fundi humtazama mwenye nyumba, dogo anakohoa.

Msasa ukiisha, asiingie mtu na ufagio mkavu. Ufagio mkavu hurudisha hewani kila kilichokwisha kutua. Mwaga unga wa mbao uliolowa, unaopatikana kirahisi kwa maseremala kwenye bonde lenye mashamba ya mitiki, ndipo ufagie. Vumbi litagandamana nao. Kuta zifutwe kuanzia juu kwenda chini kwa kitambaa chenye unyevu, zikae hadi kesho yake. Kisha bandika kipande cha selotepu, kikandamize, kibandue kwa ghafla. Kikitoka cheupe, futa tena, kwa sababu rangi nayo ingebanduka hivyo hivyo, ila ingesubiri mpaka wageni waje.

Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi: praima ya kuhimili ukali wa saruji kama mfuko unaruhusu, na kama hauruhusu, rangi ileile ya maji iliyoongezwa maji kiasi cha sehemu moja kwa kumi, ili izame ukutani na kushika. Mikono miwili inayofuata ni kazi ya kawaida ambayo fundi yeyote anaijua, sina la kumfundisha.

Nina ombi kwa mwenye nyumba tu. Fundi akikuletea orodha ya vifaa, tafuta barakoa. Mara nyingi haimo. Iandike wewe mwenyewe, juu kabisa, kabla ya rangi, na siku ya msasa hakikisha iko usoni pa dogo.